Soli Nyeupe za Njiti

Mtaa mzima ulimwita Mama Povu, na yeye jina hilo hakulipenda hata kidogo. Kwanza, hakuwa mama wa mtu. Pili, povu lilikuwa sehemu ndogo kabisa ya kazi yake. Povu huondoa vumbi na matope. Njano ya soli ya raba haikai juu, imo ndani, imeingia polepole mwaka baada ya mwaka, na ukiisugua kwa sabuni utachoka wewe na yenyewe itabaki palepale inakutazama. Lakini nenda ukawaeleze watu wa mtaa ule! Walimwona asubuhi barazani akisugua raba kwa mswaki, povu hadi viwikoni, wakaona wameshaijua kazi yote. Na kwa kuwa alikuwa mwepesi wa kufoka, mwenye kutoa povu hata pasipo na sabuni, jina likamganda.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kiatu kikishaoshwa na kukauka, alizungushia utepe wa karatasi pale kitambaa kinapokutana na soli, kwa sababu dawa ikigusa kitambaa, rangi imekwenda na haina kurudi. Dawa ilikuwa ileile nzito wanayopaushia nywele saluni. Aliipaka kwenye soli kwa brashi, nene na sawasawa, akaivisha soli nailoni isikauke, kisha akakiweka kiatu juani. Hapo ndipo wavivu wanaposhindwa. Kila nusu saa sharti ukigeuze kiatu, uipapase nailoni kutoa hewa, la sivyo soli inatoka na mabaka. Kuna soli zilizokula siku moja ya jua, na kuna zilizokula tatu. Ili ajue amefika wapi, kila mara alifunika kwa utepe kipande cha upana wa ukucha, upande wa ndani karibu na kisigino, akakiacha na njano yake. Alikiita kipimo. Mwenye kiatu hakukiona mpaka aonyeshwe.

Na jambo moja alilijua kuliko mengine yote: weupe si uzima. Raba iliyozeeka imezeeka. Dawa huirudishia sura, haiirudishii nguvu, na jua la siku tatu huzidi kuikausha. Sponji la ndani limeshakufa zamani. Kwa hiyo kila mteja aliyemletea kiatu mkononi alimwambia uso kwa uso, "Hiki sasa ni cha kutembelea. Ukikikimbilia, usinilaumu." Wengine walicheka. Hakujali, maana alikuwa ameshasema.

Ila Bei Poa hakuleta kiatu mkononi. Bei Poa, mwenye duka la viatu pale njia panda, alileta magunia. Mwaka juzi, siku ya gunia la kwanza, Mama Povu alimwambia maneno yaleyale, na Bei Poa akaitikia, "Nimekusikia, dada." Baada ya hapo Mama Povu hakurudia kumwambia. Raba zilikuja njano zikaondoka nyeupe, na zilikokwenda hakuuliza.

Ijumaa moja, saa tisa alasiri, Njiti akaingia barazani mbiombio. Njiti alikuwa binti wa kaka yake, miaka kumi na minne, na miguu mirefu myembamba ndiyo iliyompa jina. Kesho yake saa mbili asubuhi wasichana wa shule zote za karibu wangekimbia mita mia nane mbele ya walimu wa shule moja ya bweni, ile yenye timu, na wawili wa kwanza wangechukuliwa. Wawili tu. Nyumbani kwa kaka mtu hapakuzungumzwa kitu kingine mwezi mzima. Hata chumvi ikizidi kwenye mboga, walisema mpishi naye anawaza mita mia nane.

"Shikamoo, shangazi! Tazama chini!"

Mama Povu akatazama chini. Raba nyeupe, soli nyeupe pee. Akatabasamu, maana zilikuwa nzuri kweli. Kisha tabasamu likamkauka usoni.

"Marahaba. Vua moja, nipe."

Akaigeuza. Upande wa ndani, karibu na kisigino, palikuwa na kipande cha njano cha upana wa ukucha.

Alizikumbuka. Zilikuwa zimekaa stoo kwa mtu miaka mingi, zilikuja na rangi ya siagi, zikala siku tatu za jua, na zilipokwisha alizipanga barazani akakaa kuzitazama kama mjinga. Hakuwahi kufanya kazi safi kuliko ile. Akaibonyeza soli kwa dole gumba. Haikubonyea. Hasira ikampanda mpaka masikio yakawaka moto.

"Nani kakununulia?"

"Baba. Kwa Bei Poa."

"Kakwambia ni mpya?"

"Kaniambia ni nzuri kuliko mpya."

Kuliko mpya! Hayo yalikuwa maneno ya Bei Poa, kama vile anamsikia mwenyewe. Kaka yake, mtu mzima na mvi zake, ameuziwa mbuzi kwenye gunia, na mtoto ndiye atakayeanguka mbele ya watu.

"Lete na ya pili."

"Shangazi, nilitaka nikazijaribu uwanjani kabla—"

"Nimesema lete! Vaa ndala zangu hizo."

Njiti akavua. Mama Povu akazishika raba kwa kamba zake akatoka, akiacha juani kiatu cha mtu chenye dawa mbichi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani.

Bei Poa alikuwa ameketi mlangoni pa duka lake, anaingiza kamba kwenye viatu vya kitoto.

"Karibu, dada."

"Usiniite dada! Umemuuzia kaka yangu viatu vilivyokufa, mtoto akakimbilie! Huna haya? Huna mtoto wewe?"

Wateja wawili wakageuka. Mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Povu hilo limeanza," na wakasogea karibu wasikose.

"Nimemdanganya nini?" Bei Poa akauliza bila kuinuka. "Muulize mwenyewe nilimwambia nini."

"Nilikwambia ni vya kutembelea!"

"Uliniambia mwaka juzi, mara moja. Sasa nisimame hapa mlangoni nimkataze kila anayepita asikimbie? Wewe ulijua viatu vinakuja hapa. Ulidhani navipeleka wapi, makumbusho?"

Watu wakacheka. Mama Povu akazidi kupaza sauti. Akamwita Bei Poa mwizi, akamwita kupe, akamwambia magunia yake ayapeleke kwa mwingine, na alipomaliza matusi aliyoyajua akaanza upya yaleyale.

"Nenda kamuulize kaka yako!" Bei Poa akampigia kelele mgongoni. Hakugeuka.

Kaka yake alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, na karakana yake ilikuwa mwendo wa dakika kumi. Mama Povu alizitumia zote kumi kupanga maneno. Miaka yote hiyo, kila wakikutana, kaka mtu alimuuliza, "Bado unafua viatu vya watu?" Na kila mara yeye alicheka kwa meno ya nje na kuumia ndani. Basi leo fundi wa chuma ameshindwa kujua raba nzima na raba mfu! Leo ataambiwa. Hasira ilimchoma, lakini tuseme kweli, ndani yake mlikuwa na utamu kidogo.

Njiti alikuwa amepita njia ya mkato akafika kabla yake. Alisimama kando ya geti ambalo halijakamilika, na zile ndala kubwa miguuni. Kaka mtu akazima mashine, akapandisha miwani yake ya giza kipajini.

"Unamnyang'anya mtoto viatu?"

"Shikamoo, kaka. Umetapeliwa."

"Nimekuuliza kitu."

"Na mimi nakujibu! Hizi raba ni kuukuu! Nimezipausha mimi, kwa mikono hii hapa! Soli imekufa, haina kitu! Mtu mzima unaingia dukani, unaonyeshwa weupe, unakodoa macho. Hata kubonyeza? Hata kubonyeza hukubonyeza?"

"Punguza sauti mbele ya mwanangu."

"Sipunguzi! Kesho angevunjika mguu huyu, na hiyo nafasi mngeisikia kwa jirani! Tazama!"

Akashika raba moja ncha na kisigino, akaipinda. Hata hakuhitaji nguvu. Soli ikaalika, ikapasuka upande hadi upande chini ya vidole, na sponji likamwagika sakafuni likiwa unga wa kahawia. Njiti akajiziba mdomo kwa viganja viwili.

"Umeona?" Mama Povu akasema akihema. "Umeona ulichouziwa?"

Kaka mtu aliutazama ule unga. Aliposema, alisema kwa sauti ya chini, na hiyo ndiyo iliyomtisha dada mtu, maana katika ukoo wao hakuna aliyekasirika kwa sauti ya chini.

"Nilijua si mpya. Bei Poa aliniambia. Palikuwa na pea mpya pale, saizi hiyohiyo, nimeshaishika mkononi. Akaniambia, hizi nyingine ni za zamani, ila zimepita mikononi mwa dada yako. Nikairudisha ile mpya, nikachukua hizi."

"Kwa nini?"

"Kwa nini!" Sasa ndipo akafoka, na geti likavuma kwa sauti yake. "Kwa sababu ni kazi yako! Kwa kuwa nakutania, unadhani sioni? Napita pale kwako naona unavyogeuza viatu vya watu juani kama unalea. Nimemwambia mtoto huyu, kitu kikipita kwa shangazi yako kimepona. Ni nzuri kuliko mpya, nimemwambia hivyo mimi, kwa mdomo wangu! Na wewe ulijua zimekufa?"

"Nilijua."

"Zote unazompa Bei Poa?"

"Zote."

"Tangu lini?"

Mama Povu akafungua kinywa. Yale maneno aliyoyapanga njiani yalikuwa bado yapo, makali yote, na hakuna hata moja lililofaa.

"Mwaka juzi," akasema.

"Na ukaendelea."

Kaka mtu akavua glavu, akazitupa juu ya meza, akatoka kwenda kwa Bei Poa kuitafuta ile pea mpya. Baada ya nusu saa akarudi mikono mitupu. Ilikuwa imenunuliwa adhuhuri, na ya saizi ile haikuwepo nyingine, si pale wala maduka mawili ya jirani.

Zilibaki raba za Njiti za zamani, zilizofunguka midomo yote miwili. Jioni hiyo Mama Povu alikaa sakafuni kwa kaka yake akazigundisha, akazishona kwa uzi wa nailoni mishono ya karibu karibu, akazipinda na kuzipinda tena mpaka akaridhika kwamba hizi hazitaachia. Hakuna aliyemkaribisha chai. Tatizo ni kwamba miguu ya Njiti ilikuwa imekua, na raba zilimbana tangu miezi miwili nyuma. Kushona alijua. Kurefusha kiatu hakuna fundi anayejua.

Uwanja ulikuwa wa kokoto, na walimu walishasema mapema kwamba asiye na viatu hakimbii. Njiti aliondoka vizuri. Mzunguko wa kwanza alikuwa nafasi ya pili, na mzunguko uliofuata vilevile, na kaka mtu akawa anapiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Kwenye kona ya mwisho mguu wa kulia wa Njiti ukaanza kukanyaga kwa woga, nusunusu, kama mtu anayepita kwenye miiba. Msichana mwenye soksi nyekundu akamfikia. Wakaenda bega kwa bega hatua kumi hivi, kisha yule akamtangulia kwa kifua.

Njiti akawa wa tatu. Mishono haikuachia hata mmoja. Walimu wakaandika majina mawili, wakafunga daftari.

Mama Povu alikuwa amesimama karibu na kamba ya mwisho, amejiandaa. Alimtaka mtoto amlilie, amrushie hizo raba usoni, amwite mchawi mbele ya watu wote, na yeye angepokea, na pengine angejibu, wakagombana kama ukoo wao unavyogombana, na baada ya wiki wakacheka. Njiti akaja akichechemea. Alikuwa amevua raba ya kulia, na soksi ilikuwa na damu kwenye kidole gumba. Alipofika mbele ya shangazi yake akasimama, akainamisha kichwa kidogo, kwa adabu zote.

"Shikamoo, shangazi."

Alisema kama anavyomsalimia mke wa jirani asiyemjua vizuri. Kisha akapita, akaenda kwa baba yake.

"Marahaba," Mama Povu akaitikia, na hakuna aliyemsikia. Hasira ilikuwa bado imemjaa hadi kooni. Aliitafutia mtu wa kumshushia, akatazama huku na huku kwenye kokoto zile, na hakumwona mwingine ila yeye mwenyewe.