Foleni ya Ufunguo wa Choo

Usigeuze uso, nakujua. Ulimwona mwenzako akiomba ruhusa ya haja ndogo kama anaomba mkopo, ukajifanya unatafuta sindano iliyoanguka. Hakuna sindano iliyoanguka. Basi kaa nikusimulie, maana mimi sisahau.

Kiwandani kwetu tulishona mashati ya shule. Kazi ilipita mkono kwa mkono: huyu kola, yule mikono, mwingine vifungo. Choo kilikuwa kimoja, na ufunguo wake ulifungwa kwenye kibao kikubwa kama mlango wa kabati, ukaning'inizwa juu ya meza ya msimamizi. Tulimwita Bwana Mgao, kwa sababu alitugawia haja: mara mbili kwa zamu, ya tatu ujieleze.

Fundi wetu wa vifungo alikuwa mjamzito, tumbo likifika kwenye cherehani kabla yake. Mtoto alikuwa ameketi palepale juu ya kibofu, na kanuni za kiwanda hajasomewa. Alipoomba ufunguo mara ya tatu, Bwana Mgao alimwambia safari ijayo abebe na mkoba wake kabisa, asirudi. Mumewe alikuwa hana kazi. Cherehani ile ndiyo iliyokuwa kodi ya nyumba, chakula, na nepi za mtoto anayekuja.

Hapo kila mtu akajitia ushujaa peke yake. Dada wa kola alikwenda kumwombea, akaambiwa kola zake zimepinda. Mimi wa mikono nikaenda na hotuba ndefu, nikahamishiwa kwenye pasi za mvuke, nikaiva.

Kwenye pasi ndiko nilikomkuta Shangazi, shangazi wa kiwanda kizima, mwenye maneno ya moto kuliko chuma alichoshika. Akaniuliza kama nimemaliza kuigiza sinema. Akasema kule alikotoka walikuwa na chama cha wafanyakazi, na hakuna aliyemwendea bosi peke yake hata kumwamkia. Mchana uleule, nyuma ya marobota ya vitambaa, tukaunda chetu. Wapo walioogopa kufukuzwa. Mmoja aliuliza kama anaweza kujiunga kimyakimya. Shangazi akamjibu anaweza, ila na faida zake atazipata kimyakimya. Tukacheka, hofu ikapungua.

Asubuhi, fundi wa vifungo alipoinuka kwenda kuomba ufunguo, tukainuka sote. Foleni ikaanzia mezani kwa Bwana Mgao, ikaishia getini. Kanuni tuliifuata vizuri kabisa: ufunguo mmoja, mtu mmoja, kwa zamu.

"Wote mmebanwa?" akauliza.

"Kilichobanwa ni chama, baba," akajibu Shangazi.

Bwana Mgao akaukumbatia ufunguo, hakumpa mtu. Mashine kimya. Nje lori linangoja mashati, na mashati hayana vifungo. Bosi akashuka ngazi mbiombio, akatupima kwa macho, kisha akaja na ujanja wa mabosi wa siku zote. Akautwaa ufunguo, akamkabidhi mjamzito kwa sauti ya asali, akamwambia yeye aende apendavyo, siku zote, ila wengine warudi kazini.

Nilimwona fundi wa vifungo akibana miguu, jasho likimtoka puani. Ufunguo anao mkononi. Angekwenda, nani angemlaumu?

"Asante, bosi," akasema. "Lakini ruhusa unayonipa leo, kesho utaninyang'anya. Zungumza na chama. Ila fanya haraka, maana sakafu ni yako."

Bosi akaitazama sakafu yake. Akamtazama Shangazi. Mazungumzo hayakuchukua muda: choo kiwe wazi, mjamzito asifukuzwe, akijifungua apewe likizo na kiti chake kimsubiri. Akatia sahihi palepale kwenye meza ya msimamizi, na sisi tukapisha njia. Sijawahi kuona tumbo kubwa likikimbia vile.

Likizo alipewa, na kiti alikikuta. Bwana Mgao naye alikuja kuuliza, kwa upole ambao hatukuuzoea, kama chama kinapokea wasimamizi.

Na wewe unayenisoma, unangoja nani? Pale kwenu yupo anayebana miguu sasa hivi. Weka chini karatasi hii. Mwendee wa mashine ya pili, wa kaunta ya pili, wa jiko la pili, mwambie mnakutana leo mkitoka kazini. Si mwisho wa mwezi. Leo. Inuka.