Dakika Tano kutoka Chuoni

Jumamosi ile Ottilia na Hilaria walinunua maandazi stendi ya Mbinga, wakayafunga kwenye kanga, wakaanza kuzunguka mji kulinganisha hosteli. Walikuwa wanaingia mwaka wa pili, na chuo chao kiliamini kwamba mtu akishamaliza mwaka mmoja ameujua mji, basi mji umlaze. Vitanda vya ndani vilikuwa vya mwaka wa kwanza. Kulikuwa na bweni jingine, lenye mapazia na mashuka yaliyopigwa pasi, ila hilo lilikuwa la wageni. Mgeni mwenyewe hakuna aliyewahi kumwona. Mapazia yalifuliwa kila wiki.

Kwa Mama Gertruda palikuwa na maji, geti la kufungwa kabla ya magharibi, na wasichana wengi chumba kimoja kiasi kwamba anayetaka kugeuka kitandani lazima atangaze, wageuke wote.

"Hapa mimi nitaua mtu kwa teke," alisema Hilaria, ambaye alikuwa mrefu.

Kwa Mzee Salvatory palikuwa na vigae, dirisha pana, na kibao kikubwa: DAKIKA TANO KUTOKA CHUONI. Waliijaribu njia kwa miguu yao wakala andazi moja moja, na kabla andazi halijaisha walikuwa wamefika. Salvatory alikuwa mtumishi mstaafu, aliletwa Mbinga kikazi kutoka mkoa mwingine, baridi ikamkubali.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, wanangu. Kodi ni ya mwaka mzima, na wenzenu wako njiani wanakuja."

Hilaria, ambaye kwao ni Litembo, alikuwa anatazama chini. Nyumba ilikaa kwenye mteremko, na udongo wote kuizunguka ulikuwa bapa kama chapati.

"Hapa palikuwa na ngoro," alisema.

"Yale makorongo? Niliyafukia yote," alisema Salvatory kwa fahari.

Ngoro ndiyo mashimo ambayo Wamatengo huyachimba mlimani tangu zamani. Hulaza nyasi kwa miraba, huzifunika kwa udongo unaotoka katikati, na mvua ikija hutulia humo badala ya kuondoka na shamba.

"Bila ngoro mahindi yanateremka," Hilaria alimnong'oneza mwenzake.

"Nyumba si mahindi, wewe."

Hilaria alifikiri, akaona ni kweli. Wakalipa. Kodi ya Ottilia ilitoka Liuli, ambako mama yake, Benadetha, alikuwa ameanika na kuuza usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, msimu mzima, mikono inanuka hata kanisani.

Mvua zilipoanza, hosteli ilianza kuteremka. Haikuporomoka. Ilikwenda wima, taratibu, na vigae vyake, bila kumwaga chai ya mtu. Umeme ulikatika, lakini ulikuwa unakatika hata kabla. Asubuhi ya kwanza bucha lililokuwa mkabala lilionekana nyuma kidogo. Baadaye halikuonekana. Madereva wa bodaboda wakazoea kuuliza, "Dada, leo nyumba yenu iko wapi?" nao wakajibu, "Chini ya kanisa," au, "Imevuka daraja," kisha wakapanda.

Tatizo lilikuwa mahudhurio. Chuoni, aliyekosa vipindi hafanyi mtihani, na asiyefanya mtihani anarudia mwaka. Ottilia aliamka mapema, kisha mapema zaidi, na kila alivyowahi nyumba nayo ilikuwa imemwahi.

Alimpigia Salvatory.

"Mkataba ni wa chumba," alisema mzee. "Chumba kimepungua?"

"Hapana, mzee."

"Haya."

Akaenda kwa Bwana Hamphrey, mshauri wa wanafunzi.

"Hosteli hiyo tuliikagua," alisema Hamphrey. "Iko dakika tano."

"Ilikuwa, mwalimu. Sasa hivi iko Mpepai."

"Basi hilo ni la watu wa Mpepai."

Nje ya dirisha lake mapazia ya bweni la wageni yalikuwa kwenye kamba, yanapigwa na jua.

"Na lile bweni, mwalimu?"

Hamphrey alimtazama kwa huruma. "Binti, wageni wakija tutawalaza wapi?"

Ni Hilaria aliyeazima majembe. Wapangaji wote walichimba, hata wale waliotoka mikoa ya tambarare, ambao Hilaria aliwacheka mpaka akakaa chini: "We, hilo ni ngoro au kaburi la kuku?" Walilaza nyasi, wakafukia, wakapanda maharage juu ya matuta. Nyumba ikasimama. Ilitulia hapo Mpepai kama mbuzi aliyefungwa, mvua ikanyesha ikaishia mashimoni, na kwa muda ule wote Ottilia hakukosa kipindi.

Salvatory akaja na gari lake, akakosa pa kuegesha.

"Makorongo tena? Nani kaniharibia mandhari?"

"Mzee, yanaishika nyumba."

"Nyumba inashikwa na msingi. Mimi nimejenga, wewe umejenga nini?"

Alileta greda. Maharage yalikuwa yanaanza kutoa maua. Kesho yake kulipopambazuka hosteli ilikuwa imeshaipita Mpepai, na ilikwenda haraka kuliko mwanzo.

Hilaria alihamia kwa Mama Gertruda. "Nitajifunza kutangaza," alisema. "Na wewe twende." Lakini Ottilia hakuwa na kodi ya pili. Usipa wote wa mama yake ulikuwa ndani ya nyumba ile, na popote ilipokwenda ilibidi aende nao.

Nyumba ikashuka milima. Joto likaongezeka, wapangaji wakavua masweta, wakaanza kuona maji kwa mbali. Ilisimama Liuli, nyuma ya jiko la Benadetha, kwa sababu mbele yake palikuwa na jabali na baada ya jabali ziwa.

Mama alikuwa anageuza usipa kwenye chanja. Aliinua kichwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mmekuja na choo, au mtatumia changu?"

"Tumekuja nacho."

"Afadhali." Akaliangalia dirisha. "Kweli ni pana. Hukunidanganya."

Siku hiyohiyo akahamishia nusu ya usipa kwenye baraza ya hosteli, kwa kuwa vigae vilikuwa vinakausha vizuri. Ottilia akawa analala karibu na kitanda alichozaliwa juu yake, kwa kodi ya mwaka mzima.

Siku ya mtihani alipanda gari la kwanza kabisa. Mlangoni alikuwepo Hamphrey.

"Mahudhurio yako hayatoshi. Mtu anayekaa dakika tano anachelewaje, hebu nieleze."

Alieleza. Hamphrey alisikiliza mpaka mwisho, akakubali kwamba kila neno ni la kweli, akamwambia arudie mwaka.

Kwa hiyo Ottilia akawa mwaka wa pili kwa mara ya pili, na Jumamosi moja akanunua maandazi akazunguka tena. Bweni la wageni lilikuwa limepata mapazia mapya. Kwa Mama Gertruda hapakuwa hata na pa kuingiza mguu, maana wa Hilaria ulikuwa umeshajaa. Pale mteremkoni palikuwa na hosteli mpya, vigae, dirisha pana, na kibao kilekile. Kibao hakikuwahi kuteremka. Kilikuwa kimechimbiwa vizuri.

Ottilia alisugua udongo kwa kiatu. Bapa.

"Aa, wewe wa Liuli!" alisema Salvatory. "Mwaka jana ulifikishwa mpaka kwenu, na bado nasikia ulilalamika. Hilo jembe la nini?"

"La ngoro, mzee."

"Zana haziruhusiwi." Akalichukua, akaliegemeza getini, upande wa nje.

Ottilia akalipa. Msimu mwingine wa usipa. Alikuwa anatandika kitanda simu ilipoita.

"Umepata chumba, mwanangu?"

"Nimepata."

"Kiko mbali na chuo?"

Ottilia alichungulia dirishani. Mawingu yalikuwa yanajikusanya juu ya mji, na mkabala, palepale pake, lilikuwepo bucha.

"Bado, mama."