Sahani ya Dulcie Ukutani

Nimekata miwa, nimekamua ng'ombe, nimepaka meli rangi, lakini sijapata kuchoshwa na watu kama nilivyochoshwa na wale mafundi wa vigae waliokuja mjini kwetu Wilga Bend kutupambia ukuta wa ukumbi.

Walitoka pande zote za dunia na kila mmoja alikuja na dini yake. Ilario, Mtaliano, alitaka nafasi kati ya vipande zisijazwe saruji. Yasna wa Chile akasema ukuta usiojazwa ni mdomo wenye mapengo. Kwa hilo tu wakanuniana, nami mchanganya saruji nikawa mjumbe wao.

"Mzee, mwambie huyo bwana anirudishie nyundo yangu."

"Mzee, mwambie iko mbele ya pua yake."

Na wote wamesimama kwenye meza moja!

Vipande vyenyewe vilikuwa vyombo vyetu vilivyovunjwa na mafuriko. Narelle, mwenye duka la mikate, alileta sahani ya marehemu mama yake, Dulcie. Ilikuwa na maua ya waridi. Nyumba ya Dulcie ilikwenda na maji, ikabaki hiyo sahani, nayo vipande.

"Nawapa kwa sharti," akasema Narelle. "Asubuhi nikija na chai yangu, niyaone haya maua. Mkiyapoteza nitawapasua nyinyi."

Yasna akaahidi, mkono kifuani.

Sasa, aliyechagua namna ya kufanya kazi ni Ilario. Unagundisha vipande kwenye karatasi, unaibandika karatasi ukutani na vipande vikiwa ndani, saruji ikianza kushika unailowesha karatasi na kuibandua. Kwa hiyo maua lazima yalale kifudifudi, yaangalie karatasi. Hilo Ilario hakumwambia Yasna. Kwanza hawakuwa wakisemezana, na pili, kwao hata mtoto analijua. Kwao Yasna vipande hupangwa kwenye wavu unaobaki nyuma yake ukutani, uso juu, na ndivyo alivyopanga. Narelle alipita, akaona waridi za mama yake zimechanua mezani, akafurahi, akatuletea keki.

Kubandika walipewa vijana wa timu ya raga, ambao ungewaambia wangebandika hata mlango wa choo. Ilario na Yasna walikuwa nyuma ya ukumbi wakigombania rangi ya saruji, na mimi katikati, natafsiri matusi.

Tuliporudi tukabandua karatasi. Weupe mtupu. Weupe, mihuri ya viwanda, na michirizi ya rangi ambayo hakuna aliyeitazama.

"Umebandika makalio ya sahani!" Ilario akapiga kelele.

"Ulisema karatasi, hukusema kifudifudi!"

"Nani duniani hajui hilo?"

"Mimi! Au mimi siko duniani?"

Angalau walikuwa wanasemezana. Ilario akachukua patasi: saruji bado mbichi, vikibanduliwa sasa hivi vitageuzwa, baadaye haiwezekani tena. Hapo ndipo Narelle alipotokea na kikombe chake cha chai.

"Maua yangu yako wapi?"

Ikabidi niseme mimi. "Yameangalia ukuta, dada."

Akanikabidhi kikombe, akamnyang'anya Ilario patasi, akaichomeka chini ya kipande cha kwanza. Mkono ukasimama.

Wanawake wa hapa, ukumbini kukiwa na shughuli, kila mmoja huja na sahani ya chakula, na ili isipotee huandika jina lake chini ya sahani kwa rangi ya kucha. Sisi sote tunalijua hilo, na hakuna aliyelikumbuka. Ukuta mzima ulikuwa majina: Enid, Thora, Bi Pascoe, wengi wao wamekwisha kufa. Na kwa rangi nyekundu, herufi zimeinama kama mtu anayekimbia: YA DULCIE. IRUDI!

"Ndiye huyo," Narelle akasema. "Hata sahani alikuwa anaikaripia."

Akapitisha kidole juu ya herufi, polepole.

"Tuigeuze?" Ilario akauliza. "Saruji inakauka, mama."

"Gusa uone." Akaitia patasi mfukoni mwa aproni yake. "Maua yangu mmeyazika, na msidhani nimesahau. Waridi nitanunua dukani. Mwandiko huu nitaununua wapi?"

Akachukua chai yake, akasimama mbele ya ukuta. Nyuma yake Ilario akaanza: basi katikati ya majina tusijaze saruji. Yasna akasema hapo ndipo hasa tujaze. "Mzee, mwambie huyu—"

"Nyamazeni," Narelle akasema bila kugeuka. "Nasoma."