Nguruwe Aliyevishwa Koti

Mume wangu Royce alianza kuhangaikia risasi za kulinda nyumba baada ya wezi kuvunja ghala la jirani yetu, Coy Ledbetter, na kuondoka na msumeno wa mota. Msumeno tu. Coy mwenyewe hakuguswa, alikuwa kanisani anaimba. Lakini kwa jinsi Royce alivyolichukua jambo hilo, ungedhani jeshi zima limevuka mto na kupiga kambi chini ya kilima chetu.

Bunduki tulikuwa nayo, ile ya marisau aliyorithi kwa baba yake, ambayo ilikuwa haitoki kabatini mpaka msimu wa kuwinda bata. Kilichomkosesha raha ni kitu cha kuitia. Jioni chakula kinapoa mezani, yeye kainamia simu anatazama wanaume wenye ndevu wakipasua matikiti maji kwa risasi. Kila tikiti likipasuka, anacheka kidogo kwa puani. Kicheko kile kilinikera hata kabla sijajua kwa nini.

Nyumbani hatukuwa wawili tu. Binti yetu Janelle alikuwa amerudi tangu kiangazi, yeye na mtoto wake Posey, wa miaka minne. Mumewe, Brandt, alimzaba kofi mbele ya mtoto, naye akafungasha siku ileile. Hakimu alimruhusu Brandt amchukue Posey kila Jumapili baada ya ibada na kumrudisha kabla ya giza. Basi kila Jumapili gari lake lilipanda kilima, na kila Jumapili Royce alisimama dirishani akilitazama.

Siku ya kwenda kununua risasi nilimfuata, maana nilitaka kujua nyumba yangu itawekwa nini. Duka la Merle linauza chambo, risasi na mayai ya kuchemsha yaliyolowekwa kwenye siki. Merle anatafuna tumbaku kutwa, anatema kwenye chupa ya soda, na chupa iko palepale kaunta, karibu na mayai.

"Kuta zako za nini, Royce?" aliuliza.

"Mbao na jipsamu."

"Basi sikiliza. Hizi ni za ndege, punje ndogo kama ulezi. Zinamchuna ngozi, analia, anakimbia zake. Hizi za kulungu, punje zake kama njegere. Ukimpiga nazo hakimbii. Na hii hapa ni bonge moja. Inampitia yeye, inapitia ukuta, inakwenda kumsalimia na jirani!"

Walicheka mpaka Merle akapaliwa na tumbaku.

"Na aliyelala chumba cha pili?" nikauliza.

"Si atalala chini, mama," alisema Merle.

"Ana miaka minne. Nani atamwambia alale chini?"

Merle alijifuta mate ya kahawia ndevuni, kisha kwa mkono uleule akachukua yai. "Ndiyo maana watu wenye akili wanazijaribu kwanza ukutani," alisema, akang'ata.

Royce hakuwa anatusikia. Alikuwa anapima maboksi kiganjani, moja baada ya jingine, kama mwanamke anayechagua nyanya sokoni. Boksi moja lilikuwa na picha ya fuvu linalocheka. Akalishika hilo muda mrefu kuliko mengine, kisha akachukua aina zote tatu.

Jumamosi asubuhi Janelle alipokwenda kazini, wanaume walikusanyika nyuma ya banda: Royce, Merle, na Dub, mdogo wake Royce. Walikuwa wamesimamisha mbao za jipsamu kama ukumbi wa nyumba yetu, ukuta nyuma ya ukuta. Mimi nilikuwa jikoni napika maharage na mkate wa mahindi, maana mgeni akija ni lazima ale, hata akiwa Merle. Posey nilimwacha sebuleni na katuni zake. Nikabeba sufuria na mkate, nikatoka nje.

Harufu ilinifikia kabla sijaona kitu. Mbele ya kuta zile walikuwa wamemtundika nguruwe wetu, yule niliyemlisha mimi kwa mikono yangu tangu machipuko, aliyekuwa nyama yetu ya majira ya baridi. Walimchinja alfajiri bila kuniambia, wakamwacha na matumbo yake, "ili afanane na mtu," kama alivyosema Dub. Na walikuwa wamemvika koti.

"Shemeji, umekuja wakati mzuri!" Dub aliniita. "Za ndege tumeshamaliza, hazina kitu. Sasa ndiyo tunaingia kwenye utamu."

Royce alifyatua. Nguruwe aliruka kwenye kamba kama aliyeshtuka usingizini, halafu akaanza kuzunguka polepole, anachuruzika. Merle alikimbilia nyuma kuangalia kuta.

"Zimepita zote!" alipiga kelele. "Zote, kaka, na mojawapo imeingia kwenye nguzo ya banda! Hizi haziwafai, mtoto analala upande huo."

Hilo ndilo jibu walilokuwa wanalitafuta, nami nilimngoja Royce aende akaone. Hakwenda. Hakuuangalia ukuta hata kwa jicho moja. Alikwenda kwa nguruwe, akapanua koti kwa vidole, akachungulia ndani, akacheka kile kicheko chake cha puani. Dub akaingiza kidole kwenye tundu, akakichomoa, akajifuta kwenye suruali.

Nguruwe akageukia upande wangu. Koti lilikuwa na ukosi wa manyoya ya kondoo, na kifungo cha juu kimeshonwa kwa uzi wa kijani. Uzi ule nilitia mimi, Krismasi ya nyuma, kwa sababu wa kahawia ulikuwa umekwisha.

"Royce," nikasema, "hilo koti la nani?"

"Nguo kuukuu tu."

"Nimekuuliza la nani."

Dub akaanza kuchekacheka akitazama viatu vyake. Merle akatema chini.

"Mwizi lazima avae kitu," alisema Royce.

Maharage niliyaweka chini. Na hapo nyuma yangu nikasikia sauti ndogo. Mlio ulikuwa umemtoa Posey kwenye katuni.

"Bibi," aliuliza, "mbona baba ana kichwa cha nguruwe?"

Hakulia. Aliuliza tu, kama anavyouliza mambo yote. Nilimbeba, nikamfunika uso begani mwangu, nikampeleka ndani, halafu nikatapika kwenye sinki la vyombo. Brandt simtetei. Kofi lile nitamdai mpaka kaburini. Lakini mtu aliyemvika nguruwe koti la mkwewe, akampiga risasi, akachungulia tundu na kucheka, ndiye niliyekuwa nalala naye kitanda kimoja.

Nilirudi nje. Bunduki alikuwa ameiegemeza bandani ili ale. Anakula, mkate wangu, kwa mikono ile! Niliichukua, nikachukua na maboksi, nikavitia kwenye gari.

"We mwanamke, hiyo bunduki ya baba yangu!"

"Mwambie babako aje aichukue."

"Opaline! Wezi wakija je?"

"Wakija wape msumeno."

Nilimpakia Posey nikavipeleka vyote ng'ambo ya mto kwa kaka yangu Alton, nikamweleza kila kitu. Alton ni mtu wa maneno machache. Alivifungia kwenye kabati lake la chuma, akasema Royce hatavipata, hata kulungu wakijaa barabarani. Jioni nilimweleza Janelle. Kesho yake alimpigia Brandt, wakakubaliana Posey apokelewe kwenye uwanja wa kanisa, si kwetu tena, na kabla mwezi haujaisha alihamia mjini kwenye vyumba viwili juu ya duka la maua. Nguruwe yule, Royce alimzika mwenyewe. Hakuna aliyemsaidia, na mbwa wa Coy walikuwa wanarudi pale kufukua.

Sikukuu ya Shukrani tulikula kwa Dub, bata mzinga na viazi vya kuponda. Royce aliombwa abariki chakula. Aliomba sala ndefu, sauti inatetemeka vizuri, akimsihi Mungu ailinde familia yake na watu waovu. Wote walifumba macho wakasema amina. Mimi yangu yalikuwa wazi, natazama vidole vyake juu ya kitambaa cha meza, na chakula sikukigusa.