Kijerumani cha Chumbani

Mumewe alipozinduka hospitalini, jambo la kwanza alilosema lilikuwa kwa Kijerumani, na la pili vilevile, na kila lililofuata. Mama Kola aliketi kando ya kitanda akidhani ni ulimi mzito wa mtu aliyepooza. Akasogeza sikio. Maneno yalitoka upande mmoja wa mdomo, yakikwaruza kooni, lakini yalipanda na kushuka kama ya mtu anayeuliza jambo na kungoja ajibiwe. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba mtu huyu, miaka mingi kabla hawajajuana, aliwahi kupelekwa Ujerumani kusomea mitambo ya kuchapa.

Kiwandani alikofanya kazi walimwita Mjerumani kwa sababu hiyo. Jina lilimganda, hata mkewe akalitumia, ila lugha yenyewe hakuna aliyeisikia isipokuwa siku mtambo ulipokwama, akautukana kwa lugha ya waliouunda. Nyumbani hadithi yake ya huko ilikuwa moja, nayo aliisimulia kila walipopata wageni: baridi, viazi, upweke, na jinsi alivyokuwa akihesabu siku za kurudi. "Nilirudi mbio," alizoea kusema, "kama mtoto aliyetumwa chumvi na sufuria iko motoni." Wageni walicheka, na Mama Kola akacheka nao, ingawa hadithi alishaijua kama kiganja chake.

Daktari alieleza kwamba Kiswahili kimezama, na lugha aliyojifunza ujanani ndiyo iliyobaki ikielea. Huenda kingerudi, huenda kisirudi. Wifi yake, dada wa mgonjwa, ambaye alihamia kwao mgonjwa alipotolewa hospitalini ili asaidie kuuguza, hakutaka habari za lugha. Kwake kaka yake alikuwa anaweweseka tu, na mtu anayeweweseka hubadilishiwa shuka, akageuzwa ubavu, basi. Binti yao alikuja kutoka mji mwingine, akajaribu kumtegea baba yake simu inayotafsiri. Mdomo ulikuwa umepinda, na simu ikasikia mambo yake yenyewe: mara farasi, mara kanisa, mara sabuni. Binti alikaa siku chache, akalia jikoni, akarudi kwa wanawe.

Mama Kola alikuwa mshonaji wa sare za shule. Kazini, katika chumba chao cha cherehani, kila mmoja alikuwa na kipande chake cha shati, na yeye alipewa kola, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeweza kuigeuza ncha yake ikatoka kali bila kuitoboa. Kazi ile ilikuwa imemfundisha subira. Akauliza huku na huku, akaambiwa lipo darasa la Kijerumani jioni, ghorofani, juu ya duka la dawa. Akajiandikisha.

Wenzake darasani walikuwa vijana wauguzi, wote wakitarajia kwenda huko kufanya kazi. Mwalimu, kijana mwembamba aliyezoea kuongea na ubao kuliko na watu, alimwuliza naye anakwenda mji gani.

"Siendi popote, mwalimu," alijibu. "Hawa wanajifunza waende mbali. Mimi nataka nifike chumbani kwangu tu."

Vijana wakacheka. Alipowaeleza habari za mumewe, mmoja akainuka akampisha kiti cha mbele. Tangu siku hiyo walimwita Bibi, na kiti hicho kikawa chake.

Ulimi wa mtu mzima haukunjiki kama kitambaa. Aliambiwa kwamba kwa Wajerumani meza ni dume, mlango ni jike, na msichana si dume wala jike, ni kitu tu. Akaguna, akauliza kama ni hivyo mama yake msichana alijifungua nini. Mwalimu akamkumbusha kwamba Kiswahili nacho kimetia mti na moyo kapu moja, na yeye hajawahi kulalamika. Siku nzima, cherehani ikinguruma, midomo yake ilikuwa ikicheza: dirisha, mto, maji, maumivu. Washonaji wenzake walimtania kwamba anawasengenya kimyakimya.

Kwa kuwa darasa lilikuwa la wauguzi, masomo ya mwanzo yalikuwa ya wodini. Jioni moja alisimama mbele ya kitanda, akamwuliza mumewe kwa Kijerumani kama ana kiu. Mjerumani alimkodolea. Kisha jicho lake zima likajaa machozi, akaanza kujibu, maneno mengi, mbiombio, kama bomba lililozibuliwa. Mama Kola aliambulia machache: chumba, dirisha, asante. Akatoka ukumbini akamkumbatia wifi yake.

"Amepona?" wifi akauliza.

"Bado. Lakini tumeongea."

Furaha hiyo ilidumu mpaka somo la wewe. Mwalimu aliandika ubaoni maneno mawili. Hadi hapo, alisema, walikuwa wametumia *Sie* peke yake, kwani ndiyo wewe ya mgonjwa, ya daktari, ya mtu baki. Ipo na nyingine, *du*, nayo ni ya mtoto, ya rafiki, ya ndugu, ya mume na mke. Mjerumani akikuita *Sie* amekuheshimu, ila bado umesimama nje ya mlango wake. Wauguzi walianza kuitana *du* huku wakichekelea. Mama Kola aliiweka kalamu chini. Alikuwa akiyapitia kichwani yote aliyoambiwa na mumewe tangu hospitalini, na kote hakuiona *du* hata mahali pamoja.

Aliporudi nyumbani akamjaribu. Akamwuliza anaendeleaje, kwa *du*. Mumewe alikunja uso kama mtu aliyeshikwa bega na asiyemjua, akageukia ukutani. Akajibu hukohuko, kwa adabu kubwa, kwa *Sie*.

Tangu hapo Mama Kola alisikiliza ili ajue yeye ni nani. Ilimchukua muda. Alikariri vipande akavipeleka kwa mwalimu, na kipande kwa kipande akaelewa kwamba machoni pa mumewe yeye ni mama mwenye nyumba wa kule Ujerumani. Mumewe alikuwa mpangaji wake, kijana, katika chumba cha juu chenye dirisha lisilofunga vizuri, naye alikuwa na ombi ambalo alilirudia kila siku. Mafunzo yalikuwa yanamalizika. Waliompeleka walimtaka arudi, naye hakutaka. Alimsihi mama mwenye nyumba asimpe mtu mwingine chumba kile; atatafuta kazi, atakuwa mtulivu, hatamsumbua. Kwao hakuna kinachomngoja.

Sentensi hiyo ya mwisho mwalimu aliitafsiri akiwa ameutazama ubao, na ubao haukuwa na kitu.

Ingekuwa habari ya mwanamke, Mama Kola angestahimili. Mwanamke wa ujanani ana sura na jina. Unamwonea wivu, unamsema vibaya, unapoa. Hiki kilikuwa chumba. Mtu alikitaka chumba kibovu kuliko maisha yote aliyokuja kuishi baadaye, na yeye na binti na nyumba na vicheko vya wageni, vyote ndivyo alivyokuja kuvikuta aliporudishwa kwa nguvu.

Kwa siku kadhaa hakusema Kijerumani. Alimwosha, akamlisha, akamgeuza, bila neno. Darasani hakwenda. Binti yake akamwambia kwenye simu kwamba huo ni ugonjwa unaosema, si baba. Akajibu kwamba ugonjwa haujui habari za dirisha. Mjerumani aliuliza, hakujibiwa. Akauliza tena kwa sauti ya chini. Mwishowe akawa anaitazama tu midomo ya mkewe, na chakula akakikataa. Wifi alifurahi kwamba kaka yake ametulia. Mama Kola aliona mtu aliyekwisha kufunga mizigo.

Asubuhi moja ya siku ya mapumziko alimkuta akijaribu kujiinua kwa mkono wake mmoja, jasho likimtiririka. Alikuwa akisema kwamba anaondoka, na samahani kwa usumbufu. Mama Kola aliketi ukingoni mwa kitanda. Hasira ilikuwapo bado, imemkaa kifuani kama kidonge kilichogoma kushuka. Aliyatafuta maneno, akayapanga kama anavyopanga vipande kabla ya kuvipitisha chini ya sindano.

"*Sie können bleiben*," akamwambia. Unaweza kubaki. Kisha akaendelea, kwa kigugumizi, kwa *Sie* mwanzo mpaka mwisho: chumba ni chako, sitampa mtu mwingine.

Mumewe alimtazama sana. Akaushika mkono wake, akautikisa mara moja kama watu waliokubaliana jambo, akajilaza. Mchana akala.

Ikawa hivyo kila siku: anaomba, anakubaliwa. Mama Kola alirudi darasani, akajifunza kusema kwamba dirisha litatengenezwa, kwamba kazi zipo, kwamba majirani wanamsifu. Alianza hata kumwelewa mama yule mwenye nyumba, mwanamke mkarimu asiye na maswali mengi. *Du* hakuitamka tena. Alipokuwa akimfunika shuka ilimjia ulimini, naye akaimeza.

Mvua zilipoanza, Kijerumani nacho kikaanza kupukutika. Vilitangulia vitenzi, yakafuata majina ya vitu. Dirisha likawa "lile", na lile likawa kidole tu. Daktari akasema mishipa imeziba tena. Mjerumani alifariki alasiri moja, mkewe akiwa kazini na kola mkononi. Aliyekuwa naye ni dada yake.

"Alisema neno," wifi akamweleza baada ya maziko, walipobaki wawili. "Au mawili. Alisema waziwazi kabisa, akinitazama."

"Alisemaje?"

Wifi alijaribu. Alikunja midomo, akakwaruza koo, akatoa sauti. Mama Kola akamwomba arudie, na aliporudia ikawa sauti nyingine. Kwa Kijerumani lingeweza kuwa asante. Lingeweza kuwa kubaki, au mkoba, au jina la mtu. Akamsihi aliseme polepole, na polepole ndipo lilipozidi kuharibika, mpaka wifi akajifunika uso kwa upande wa kanga.

"Nilimwitikia ndiyo," akasema. "Sijui nilimkubalia nini, wifi. Nilisema tu, ndiyo, kaka."

Wifi alirejea kwake. Alipiga simu mara kadhaa akidai amelikumbuka, na kila mara likawa jingine. Kisha akaacha kupiga. Mwalimu naye alituma salamu za pole, akauliza kama Bibi atafanya mtihani pamoja na wenzake, maana alikuwa amewapita wengi. Mama Kola alishukuru, akasema hapana. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa, na kola zilikuwa nyingi.