Sheria Iliyokuwa Njiani

Mimi ndiye niliyemdanganya mama. Sikukusudia, lakini nilimdanganya, na anayetaka kunitetea asijisumbue.

Kazi yangu ni kuchapa kumbukumbu za Bunge, neno kwa neno. Usingizi wa wabunge tu ndio siuandiki. Kaka yangu ni karani mahakamani. Mama alikuwa akituringia kwa majirani: "Mimi nimezaa serikali, bado wa Ikulu tu!" Lakini mdogo wetu, kitinda mimba wake, alikuwa gerezani, amefungwa mwaka mzima kwa uzururaji. Uzururaji, jamani! Alikuwa amekaa nje ya duka lililofungwa akisubiri mvua ikatike.

Siku ile Bunge lilisoma kwa mara ya tatu muswada wa kufuta kosa hilo, na kifungu cha mwisho kilisema wote waliofungwa kwa ajili yake waachiwe. Spika akauliza, ukumbi ukaitika "Ndiyo!" Nikachapa huku machozi yananitoka. Sisi watu wa kumbukumbu tuna ugonjwa wetu: jambo likishachapwa, tunaona limekwisha. Nikatoka mbio hadi kwenye korido, nikampigia mama simu.

"Mama, kosa limefutwa! Mtoto anarudi!"

"Lini?"

"Wakati wowote!"

Mama akafua shuka za kitanda cha mdogo wetu, akampigia pasi mashati. Akaanza kushinda na mlango wazi.

Kaka aliposikia alinijia juu. "Nani alikutuma? Hiyo bado si sheria. Rais hajatia saini, na hata akitia, mpaka ichapishwe kwenye gazeti la serikali."

"Si umwambie hakimu wako?"

"Nimwambie nini? Hakimu hawezi kumwachia mtu kwa kitu ambacho Rais anaweza kukikataa kesho. Ninyi mnatunga, yule anasaini, sisi tunaamua. Kila mtu na chumba chake."

"Na mdogo wako anakohoa damu kwenye chumba cha nani?"

Nilimwonea, nakiri. Yeye ndiye aliyekuwa akipeleka dawa gerezani kila wiki, mimi nilikwenda kwa kubahatisha. Tena nilijua anasema kweli. Nimechapa hotuba chungu nzima za kusifu mgawanyo huo wa madaraka, kwamba mkubwa mmoja asije akatufanyia apendavyo. Nilikuwa nazikubali. Mpaka leo nazikubali, na ndiyo maana naumia hivi.

Zikapita wiki saba. Kila asubuhi mama alipiga simu: "Bado?" Nikimwambia muswada uko mezani kwa Rais, ananiuliza hiyo ni meza gani isiyofikiwa na mtu. Nilianza kuiogopa simu yake. Siku nyingine, Mungu anisamehe, niliiacha ilie mpaka ikanyamaza.

Rais alisaini Jumatano. Gazeti likatoka Ijumaa. Kaka hakula wala hakukaa, akaandaa hati za kuwaachia watu wote wa kosa lile, na Jumamosi akamfuata hakimu nyumbani kwake, zikasainiwa zote. Lakini ofisi ya gereza haipokei hati mpaka Jumatatu. Jumatatu tukafika watatu kabla hawajafungua, mama amebeba shati moja begani.

Ofisa wa mapokezi, mtu mzima mwenye sauti ya taratibu, akaisoma hati. Akafunua daftari lake. Kisha akavua kofia.

Mdogo wetu alikuwa amefariki Jumapili. Kifua kilimbana asubuhi, na daktari alipofika hakukuwa na la kufanya.

Mimi nilikaa chini palepale sakafuni, nikalia bila kujali nani ananitazama. Kaka akawa anaikunja ile hati na kuikunjua. Mama hakulia. Ofisa akamwonea huruma, akainama kwake kidogo.

"Pole sana, mama. Lakini ujue hakufa mfungwa. Kwa mujibu wa sheria, tangu Ijumaa alikuwa mtu huru."

"Huru," mama akasema. "Na mlango mlikuwa mmemfungia?"

Ofisa akatazama daftari. Mama hakuuliza kwa hasira, alitaka kujua tu. Akasubiri ajibiwe, akasubiri sana, mpaka kaka akamshika mkono tukaenda kumchukua mtoto.