Fimbo ya Mtu Aliyechoka

Kila alipotoka kazini, bega la kulia la Pasi lilikuwa limeshuka kama upande wa mizani uliowekewa jiwe. Kutwa alisimama katika chumba cha dobi cha hoteli, akinyoosha mashuka ya watu waliokuja kulala. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho. Kazini aliitwa Pasi, mtaani aliitwa Pasi, na mama yake mwenyewe, akimtafuta kwa simu, alikuwa ameanza kujisahau na kumwita hivyo.

Hakwenda nyumbani. Alikwenda kwenye ukumbi wa shangazi yake, chumba kirefu chenye meza mbili za puli na feni inayozunguka kwa kulalamika. Mahali pengine pote aliambiwa lete hiki, ondoa kile. Hapa aliulizwa jambo moja tu: mpira gani, tundu gani.

Kinyozi, ambaye duka lake lilipakana na ukumbi, alikuwa anamsubiri huku akipaka chaki kwenye fimbo.

"Dada Pasi! Karibu uchapwe."

"Anza, acha mdomo."

Alichapwa kweli. Fimbo za ukumbi zilikuwa ndefu na nzito kwa mbele, na mkono uliotoka kazini haukuwa na nguvu ya kuzituliza. Ncha ilitetemeka. Mpira mweusi uliingia tunduni vizuri kabisa, na mweupe ukaufuata kama mbwa anayemfuata bwana wake. Mweupe ukizama na mweusi umeshindwa, na mchezo ukaishia hapo.

"Hapa hatunyooshi shuka, dada," Kinyozi alisema.

Shangazi aliinua macho juu ya miwani yake. "Jumapili ya mwisho wa mwezi nafunga orodha ya timu ya mtaa. Nafasi imebaki moja, na ni wewe au Kinyozi. Atakayetangulia kushinda michezo miwili ataichukua. Na usinitazame hivyo. Udugu uko jikoni, mezani haupo."

"Nikipata fimbo inayonifaa utaona, shangazi."

"Basi katafute, mwanangu. Mimi si mti."

Alikuwa ameshatafuta. Duka la vifaa vya michezo lilimwonyesha fimbo iliyolazwa ndani ya mkoba wenye sponji, na aliposikia bei aliirudisha kwa mikono miwili, kama anayemrudishia mama mtoto wake mchanga. Fundi mashuhuri, aliyetengeneza fimbo kwa vipimo vya mteja, alimtajia bei kwa simu. Pasi akasema ahsante baba, akakata haraka, asije akatozwa hata kwa kuuliza.

Kinyozi ndiye aliyemwelekeza, naye alifanya hivyo kwa mzaha. "Kuna yule kijana wa miguu ya vitanda, nyuma ya soko. Siku hizi eti anatengeneza fimbo. Nenda, atakupa mguu wa kitanda, na godoro utatafuta mwenyewe."

Mwenye shida husikiliza hata mzaha. Alikwenda.

Fundi Miguu alikuwa na vumbi la mbao hadi kwenye nyusi. Alizima mashine yake ya kukerezea ili wasikilizane. Ukutani zilining'inia fimbo za puli, na ya kwanza ilikuwa na kiuno na duara kama pete, sawasawa na mguu wa kitanda cha maharusi.

"Hiyo nayo?"

"Ndiyo ya kwanza. Mkono ulishazoea kutia kiuno, ukatia."

Pasi akacheka, kicheko cha kwanza tangu asubuhi. "Na hiyo iliyopinda?"

"Mbao ilikuwa bado mbichi, nikaifanyia haraka. Hiyo ya mwisho imenyooka." Alijipangusa mikono. "Sikudanganyi, dada. Ndiyo kwanza naanza. Utalipia mbao na gundi basi, kwa kuwa mimi najifunzia kwako. Ila ukubali kupimwa sana."

"Nipime. Hata dobi tunapima sabuni."

Fundi alilaza ubao juu ya viti viwili, akauinua kwa matofali mpaka ukafikia kimo cha meza ya puli, akamwambia Pasi ainame kama anayelenga. Kisha alipima kwa uzi: kutoka kidevuni hadi ngumi ya nyuma, kutoka kiwiko hadi nyonga. Alirudia kila jioni, maana Pasi alipatikana jioni tu, akitoka kazini. Jioni moja alipoinama, shavu lilikaa juu ya ubao na usingizi ukamchukua. Fundi alisimama na uzi wake mkononi, hajui kama amwamshe. Mwishowe akaona afadhali apime, kwa sababu hakuna mteja aliyewahi kutulia vile. Vipimo vya jioni hiyo ndivyo alivyovifuata.

Fimbo ilitoka nyekundu, nyepesi kwa mbele, fupi kwa nyuma. Pasi alitoka kazini, akaipitia, akaenda nayo moja kwa moja mezani. Mkono uliochoka uliteleza hadi mkiani na kukuta mahali pake pameandaliwa. Mpira ulikwenda alikoutuma. Kinyozi alifungwa jioni ile, akafungwa na ya pili yake, akasema ni upepo wa feni.

Ijumaa kabla ya mchuano, boila ya mvuke ya hoteli ikapasuka. Wafanyakazi wa dobi waliambiwa warudi Jumatatu. Pasi alilala Ijumaa, akalala Jumamosi, akaamka kula na kulala tena, kama mtu anayeyadai mashuka yote aliyowahi kuyanyoosha. Jumapili aligeuza shingo na shingo haikulia. Bega lilikuwa limepanda juu mahali pake. Alikwenda ukumbini akijiona mshindi tayari.

Watu walikuwa wamejaa. Fundi Miguu alisimama mlangoni amevaa shati safi, akiitazama fimbo yake kama mzazi siku ya matokeo ya mtihani.

Pasi akainama, mkono wa nyuma ukanyooka kutafuta mkia, na kidole cha mwisho kikashika hewa. Alisogeza mkono mbele, kifua kikambana. Akaurudisha nyuma, ukateleza. Mipira iligonga kingo na kurudi katikati kama watoto waliofukuzwa. Mchezo wa kwanza ukawa wa Kinyozi.

Alimwendea Fundi mlangoni. "Umenifanyia nini wewe?"

"Hebu iname." Akamtazama ubavuni, kisha mgongoni. "Bega limepanda."

"Limepona."

"Ndiyo tatizo lenyewe." Sauti yake ilishuka. "Mimi nilimpima yule anayetoka kazini, dada. Kila siku alikuja yeye. Sikuwahi kufikiri kwamba unaweza kupumzika."

Kinyozi alikuwa na masikio ya kazi yake. "Mleteeni shuka, jamani! Mchezaji amelala kupita kiasi!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Shangazi hakucheka. Alifuta miwani, akasema bila kumtazama mtu, "Pipa la uani halina maji, na bomba liko mwisho wa uchochoro. Tupumzike kwanza, watu wapate kula."

Pasi alielewa. Alisimama akiishika fimbo, na hasira ikampanda kwa ajili ya mwili wake. Siku mbili tu ulikuwa wake, haunuki mvuke, haudaiwi na mtu. Sasa aurudishe mzigoni kwa mikono yake mwenyewe, tena siku ya mapumziko? Lakini timu ilikuwa na nafasi moja, na Kinyozi alishaanza kupokea pongezi.

Akachukua ndoo mbili.

Fundi alimkimbilia. "Nipe moja nikusaidie."

"Ukinisaidia utaniharibia."

Basi Fundi akatembea kando yake mikono mitupu, kwenda na kurudi, kama msindikizaji wa mgonjwa. Ndoo ya kulia Pasi aliijaza zaidi. Mwanzoni mwili ulikataa. Kisha uchovu ukaja wenyewe, mgeni aliyeijua njia, akaingia shingoni, akakaa begani, akalivuta chini. Pipa lilipofurika, kiwiko kilikuwa kimekunjika kama kila jioni ya kazi.

Alirudi mezani. Mchezo wa pili hakuutazama sana. Mkono uliujua, ukaushinda. Wa tatu Kinyozi alikaza, akamwachia mpira mweusi ukingoni kabisa, pabaya. Pasi alishusha kidevu hadi karibu alale, akasukuma. Mweusi ukaambaa na ukingo, ukatumbukia, na mweupe ukasimama.

"Dada," alisema Kinyozi akiweka fimbo chini, "ningejua, ndoo zile ningebeba mimi."

Shangazi alimsukumia kiti. Watu walimpigapiga mgongoni, palepale panapouma. Fundi Miguu peke yake hakushangilia.

"Nirudishie niifanye upya," alisema. "Safari hii nitakupima ukiwa umelala vizuri. Nimekutengenezea fimbo inayotaka uumie."

Pasi alimgeukia shangazi. "Mechi za timu ni siku gani?"

"Za kazi. Jioni."

"Basi iache ilivyo."

"Na siku za kupumzika je?" Fundi aliuliza.

"Siku ya kupumzika sichezi. Nalala."

Aliegemeza kichwa kwenye mkono uliokuwa bado umelowa maji ya bomba, akafumba macho huku wenzake wakipanga mipira upya.